Baba mupya, mutoto hatavunjika mikononi mwako

Ndugu kijana unayesoma gazeti hili, tuseme bibi yako amezaa juzi. Ni mutoto wenu wa kwanza. Wewe ulikuwa kwenye karieri, upande wa Rubaya, habari ikakufikia kwa simu. Umeshuka mpaka Karuba na matope kwenye magoti, umeingia nyumbani, umekuta nyumba imejaa wamama. Mama yako yuko pale, mama mukwe yuko pale, na majirani pia. Mutoto yuko katikati yao, amefungwa vizuri katika kitenge. Mama mukwe anakuuliza, “Umeleta nini?” Hakuna anayekuambia, “Shika mutoto wako.” Na wewe, ukisema kweli mbele ya Mungu, unafurahi kwamba hakuna anayekuambia. Unawaza ndani ya roho: “Kale katoto kanaweza kuvunjika. Mikono hii inajua nyundo tu.”

Katika vilima vyetu kijana amefundishwa mambo mawili juu ya kuwa baba: kuleta na kuamuru. Analeta sabuni, nyama na feza za materinite. Anaamuru jina, na baadaye shule. Kuosha mutoto, kumulaza, kumunyamazisha usiku, “ile haiko kazi ya mwanaume”.

Kuleta ni vizuri, hatukatazi. Lakini bei ya koltani inashuka, shimo linajaa maji, njia inafungwa. Basi yule aliyeweka ubaba wake wote katika mufuko anaona mufuko ni mutupu, naye anasema: mimi siko baba. Wako vijana ambao hawafiki hata kwenye materinite kwa sababu hawana cha kulipa. Wanabaki kwenye karieri, wiki moja, mwezi, na simu imezimwa. Watu wanasema ni kiburi. Mimi ninasema ni haya, na haya hiyo inaacha mama na mutoto peke yao.

Mwaka 2023 vita ilifika Karuba na Mushaki, na jamaa nyingi zilikimbilia Sake na Goma. Siku ile hakuna aliyeuliza kazi ya mwanaume ni gani. Mama aliyezaa juzi hawezi kubeba mutoto, godoro na sufuria kwa mwendo wa namna ile. Musome Matayo sura ya 2: Yosefu, seremala, aliamka usiku akamuchukua mutoto na mama yake, wakakimbilia Misri.

Lakini kwa nini bibi yako anaweza na wewe huwezi? Angalia binti wa miaka saba hapa kwetu. Ana mudogo wake mugongoni, anateka maji naye, anacheza naye. Siku atakapozaa, mikono yake itakuwa imesoma miaka kumi na zaidi. Kaka yake, wakati ule ule, alikuwa anachunga ngombe. Kumbe haiko damu, ni mazoezi. Wewe unaanza darasa la kwanza wakati bibi yako amekwisha kumaliza, ndiyo sababu unaona haya.

Mutasema, “Hayo ni mambo ya wazungu.” Sivyo. Katika pori la Afrika ya Kati na Kongo-Brazzaville kunaishi Waaka, wawindaji wa wavu. Mwamerika mumoja, Barry Hewlett, alikaa nao, akaandika kitabu juu yao mwaka 1991. Aliona kwamba karibu nusu ya siku baba amemushika mutoto wake muchanga ao yuko karibu naye, mukono unafika.

Na jirani zetu wa Rwanda walijaribu jambo hili kwa mafundisho. Kuanzia mwaka 2013 mpaka 2015, shirika la RWAMREC pamoja na Promundo walikusanya wanaume waliongoja mutoto ao wenye watoto wadogo, katika wilaya nne. Moja ni Musanze, haiko mbali na Goma. Mafundisho yaliitwa Bandebereho: mikutano 15 kwa wanaume, na bibi zao walikuja mara 8. Watafiti walifuata jamaa 1,199, zilizofundishwa na zisizofundishwa. Nyuma ya miezi 21, kati ya wamama 100 ambao bwana zao hawakufundishwa, 57 walisema walipigwa katika mwaka ule. Kwa waliofundishwa walikuwa 33. Bado ni wengi, ndiyo, lakini angalieni tofauti. Tena wababa wale walisindikiza bibi zao kupima mimba zaidi kuliko wengine.

Sheria ya kazi ya Kongo inatoa siku 2 kwa mutumishi ambaye bibi yake amezaa. Muchimbaji hana mukataba, hana siku 2. Basi uzungumuze na PDG wa shimo mbele, wakati mimba ingali, siyo siku ya uchungu.

Na ninyi wamama, neno moja. Kijana akijaribu, musimucheke. “Wee, leta huku, utaua mutoto!” Neno hilo moja linatosha kumurudisha kwa pombe na rafiki zake, wale watakaosema bibi amemuloga.

Mambo yenyewe hayako mengi. Nguo ya karieri inabaki inje. Mikono inaoshwa na sabuni mpaka kwenye kiwiko, na maji ya kuogesha unayapima na kiwiko kile. Kitovu, usikipake majivu wala mavi ya ngombe. Mpaka miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Kazi hiyo moja ndiyo usiyoiweza. Usimutikise hata akikukasirisha usiku. Akikataa kunyonya, akiwaka moto ao akipoa sana, akipumua mbio, usingoje asubuhi: mupeleke kwenye kituo cha afya.

Leo jioni wamama watakwenda kuteka maji. Keti kwenye kiti kifupi, kama unaogopa kuanguka naye. Weka mukono mumoja chini ya kichwa na shingo, mwingine chini ya matako, umulaze juu ya kifua. Atalia. Muache alie kidogo juu yako mbele ya kumurudisha kwa mama yake.