Hija Kwenye Jabali: Mama Aliyempakata Mwanae



Sisi tunaoishi chini ya Mlima Hanang tunaujua mlima kwa baraka zake na kwa machozi yake. Desemba 3, 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka mlimani, vikaua watu zaidi ya 80 katika Katesh, Gendabi na maeneo ya jirani. Ndiyo maana tunapenda kueleza habari za patakatifu pamoja palipojengwa kwenye jabali.

Panaitwa Madonna della Corona, Jimbo la Verona, kaskazini mwa Italia. Kanisa limeegemezwa kwenye ukuta wa mwamba wa Monte Baldo, karibu mita 775 kutoka usawa wa bahari, na chini yake ni bonde la mto Adige. Lilijengwa upya kati ya 1974 na 1978, na ndani yake mwamba wenyewe unaonekana. Mwaka 1982 lilipewa hadhi ya basilika ndogo, na Aprili 17, 1988 Papa Yohane Paulo II alihiji hapo.

Mahujaji hufika kwa njia mbili. Wengine hupanda kutoka kijiji cha Brentino, bondeni, ngazi zaidi ya 1,500. Wengine huteremka kutoka Spiazzi wakisali Njia ya Msalaba mbele ya sanamu za shaba.

Wote huishia mbele ya sanamu ndogo ya jiwe ya mwaka 1432: Maria amempakata Mwanae aliyekufa.

Kwa mujibu wa kanuni ya 1230 ya Sheria za Kanisa, patakatifu ni mahali ambapo waamini wengi huhiji kwa sababu maalumu ya ibada, kwa kibali cha Askofu mahalia. Basi hujaji huenda na nia, huungama, hushiriki Ekaristi, kisha hurudi nyumbani na wajibu.

Wajibu huo ni upi kwetu? Maria katika sanamu ile haelezi kwa nini Mwanae amekufa. Amempakata, basi. Nasi waseminari, tukiingia nyumba yenye msiba, tusikimbilie kusema "ni mapenzi ya Mungu." Tuketi kwanza, tusikilize, tusali pamoja na wafiwa. Verona ni mbali. Nyumba ya mfiwa iko jirani.

Mama wa Mateso, utuombee.