Ushirika wa wazee kanisani: Kwa nini kikao cha kila juma kina uzito katika Delta ya Tana

KATIKA makanisa mengi ya Pwani, siku moja ya juma hutengewa waumini waliokula chumvi nyingi. Hukutana kanisani au uani kwa mmoja wao, husoma kifungu cha Biblia, huimba na kuombeana. Kisha huulizana swali moja: nani hakuja leo, na kwa nini?

Swali hilo huonekana dogo, lakini ndilo kiini cha ushirika wenyewe. Mzee anayeishi peke yake anaweza kuugua siku tatu bila jirani kujua. Akiwa na kikao anachotarajiwa kuhudhuria kila juma, kutokuwako kwake hutambuliwa upesi.

Umuhimu huo unadhihirika zaidi katika sehemu kama Kau, kijiji kikongwe kilicho kando ya mto Ozi, juu kidogo ya Kipini, katika kaunti ya Tana River. Huku usafiri hutegemea tabia ya mto. Maji yakijaa, mitumbwi ndiyo huwa barabara, na mwenye magoti mabovu hubaki nyumbani.

Ukristo ni mgeni wa juzi katika eneo hilo. Uislamu uliutangulia kwa karne nyingi, na magofu ya misikiti ya mji wa kale wa Ungwana, karibu na Kipini, yangali ni ushahidi.

Wamethodisti kutoka Uingereza, waliokuwa wameanza kazi Ribe mwaka 1862, walifika Golbanti kando ya Tana katika miaka ya 1880. Mnamo 1886, mmishonari John Houghton na mkewe waliuawa hapo katika uvamizi wa Wamaasai. Mwaka uliofuata Wajerumani wa misheni ya Neukirchen, wakiongozwa na Ferdinand Würtz, walianza kazi miongoni mwa Wapokomo, na Ngao ikawa kituo chao kikuu. Baadaye kazi yao ilirithiwa na Wamethodisti.

Pamoja na mahubiri na shule, Wamethodisti walikuwa na desturi ya kuwagawa waumini katika vikundi vidogo vinavyoitwa madarasa, kila kimoja kikiwa na kiongozi wake. Asili ya desturi hiyo inastahili kuelezwa, kwa kuwa inahusu moja kwa moja hali ya wazee wa leo.

Mnamo Februari 1742, wafuasi wa John Wesley mjini Bristol, Uingereza, walikutana kutafuta njia ya kulipa deni la jengo lao la ibada. Nahodha mmoja alipendekeza kila muumini atoe peni moja kwa juma. Wenzake walipopinga kwamba wamo maskini wasioweza hata hiyo, alijibu kuwa apewe 11 walio maskini kuliko wote. Angewazuru kila juma, na asiyekuwa na kitu angemlipia yeye mwenyewe.

Hivyo likazaliwa darasa la watu 12. Viongozi walipokwenda nyumba hadi nyumba kukusanya fedha, walikuta mambo ambayo hayakuonekana siku ya ibada, kama vile ugomvi wa ndoa na ulevi. Deni likawa si jambo kubwa tena, na ile ziara ikawa ndiyo kazi yenyewe. Kuwakutanisha watu mahali pamoja kulikuja baadaye, ilipoonekana kwamba kuzungukia kila nyumba kunamlemea kiongozi.

Madhehebu mengine yana miundo inayofanana na huo. Maaskofu wa Kanisa Katoliki wa Afrika Mashariki waliziweka jumuiya ndogo ndogo mbele katika miaka ya 1970, na nyingi ya hizo hukutana kila juma katika nyumba za waumini. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuingia Kenya katika miaka ya 1930 ulijengwa juu ya ushirika wa ndugu waliokutana mara kwa mara kutubu na kushuhudia.

Ni nini hasa ambacho mzee hupata katika kikao cha namna hii?

Kwanza ni kuondolewa upweke. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya 2025 kwamba mtu mmoja katika kila sita duniani huathiriwa na upweke, na kwamba hali hiyo huchangia maradhi na vifo. Vijijini mwa delta, vijana wengi huenda kutafuta kazi Malindi, Mombasa na kwingineko. Babu au nyanya hubaki na wajukuu, au hubaki pekee.

Pili ni habari. Mwaka 2018 serikali iliupanua mpango wa Inua Jamii ili umfikie kila aliyetimiza miaka 70, kwa malipo ya Sh2,000 kwa mwezi. Lakini haki isiyojulikana ni sawa na haki isiyokuwapo. Asiyejua kusoma, au asiye na simu, hutegemea mwenzake kumwambia kwamba usajili umeanza au kwamba fedha zimefika. Katika ushirika, neno kama hilo huwafikia wengi kwa siku moja.

Tatu ni ulinzi. Katika kaunti jirani ya Kilifi, wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo huwa mna mzozo wa shamba. Huko Ganze, Kaya Godhoma imekuwa kimbilio la waliofukuzwa na watu wao wenyewe. Mzee aliyejitenga ni rahisi kunyoshewa kidole. Anayetembelewa kila juma ana mashahidi wanaomjua, na anayemtakia mabaya hulazimika kufikiri mara mbili.

Kuna pia faida ya kijiji kizima. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano baina ya Wapokomo na Waorma yaliua zaidi ya watu 100 katika delta hii, baadhi yao katika kijiji cha Kilelengwani. Wazee ndio wanaokumbuka jinsi wakulima na wafugaji walivyokuwa wakikubaliana juu ya njia za mifugo kuelekea mtoni. Waislamu wana baraza zao za baada ya sala, na Wakristo wana ushirika wao. Wakongwe wa pande hizo mbili wakizoea kuzungumza wakati wa amani, hawatakuwa wageni siku ya fitina. Penye wazee haliharibiki neno, lakini sharti wazee hao wawe wanakutana.

Hata hivyo, ushirika una mipaka yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kupata matunzo kutoka kwa jamaa zake na kwa serikali. Maombi hayachukui nafasi ya zahanati, wala mchango wa shilingi chache hauwezi kuwa badala ya mtoto aliyewasahau wazazi wake. Vilevile, michango ikigeuzwa sharti, maskini huona haya na kuacha kuja, ilhali yeye ndiye aliyehitaji kikao kuliko wote.

Upungufu mkubwa zaidi ni umbali. Mwishoni mwa 2023, mafuriko yalikata barabara ya Garsen kuelekea Lamu katika eneo la Gamba. Ikiwa magari yalikwama, seuze ajuza mwenye mkongojo? Ushirika unaomngoja mzee aje kanisani huwafaa wale tu ambao bado wana nguvu za kutembea.

Hapo ndipo darasa la Bristol lina funzo. Halikuanza kwa watu kuja pamoja, bali kwa mtu mmoja kwenda kwa wale 11. Kanisa linalotaka kuwatumikia wakongwe wa Kau, Ozi au Golbanti halihitaji jengo jipya. Linahitaji orodha ya majina, watu wachache wenye miguu mizima, na mtumbwi wakati wa gharika, ili asiyefika kikaoni afikiwe nyumbani kwake kabla juma halijaisha.