MWILI NAO HUKUMBUKA: JERAHA LA NAFSI NA TIBA YAKE

Katika kurasa za afya tumezoea kuzungumzia maradhi yanayoonekana au kupimika: kipindupindu, malaria, kisukari, shinikizo la damu. Leo tuangalie jeraha lisilotoa damu wala kuonekana kwenye picha ya eksirei, nalo ni jeraha la nafsi, au kiwewe.

Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2017, basi la wanafunzi wa Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia, wilayani Karatu. Walifariki watu 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Wanafunzi watatu walinusurika. Mbele kidogo, huko Wasso na vijiji vya Loliondo, mwezi Juni 2022 kulitokea mapambano wakati wa kuweka vigingi vya mpaka katika eneo la kilomita za mraba 1,500. Askari mmoja aliuawa, wananchi walijeruhiwa, na wengine walivuka mpaka kuingia Kenya. Ukurasa huu si wa kuamua nani alikuwa na haki. Swali letu ni la kitabibu: kidonda kikishafungwa na mfupa ukishaunga, hofu iliyobaki mwilini inatibiwaje?

Nini hutokea mwilini

Mwenyezi Mungu amemuumba mwanadamu na king'ora ndani ya mwili wake. Ikitokea hatari, ubongo humwaga homoni, moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza na tumbo hupunguza kazi yake. Mtu huwa tayari kupigana au kukimbia. Akishindwa yote mawili, huganda, asiweze hata kupiga kelele. Kuganda huko si woga wala udhaifu. Ni mwili unavyojaribu kujiokoa.

Kwa kawaida hatari ikipita king'ora huzimika. Kwa baadhi ya watu hakizimiki. Mtu yuko salama kitandani kwake, lakini mwili bado uko pale korongoni. Dalili zake ni kukosa usingizi, majinamizi, kushtuka kwa kishindo kidogo, moyo kwenda mbio bila sababu, maumivu ya kichwa, mgongo na tumbo, hasira za ghafla, au kukwepa barabara na watu wanaomkumbusha tukio. Mtoto anaweza kuanza tena kukojoa kitandani au kung'ang'ania nguo ya mama yake. Huyo hahitaji fimbo. Anahitaji kutulizwa.

Mtaalamu anavyofanya kazi

Mmarekani Peter Levine, katika kitabu chake cha mwaka 1997, alieleza kwamba mnyama wa porini aliyeponea chupuchupu hutetemeka, akapumua, kisha akarudi kula majani. Sisi tunaoishi jirani na Serengeti tunaweza kumwazia swala aliyemponyoka duma. Levine alidai kuwa binadamu huzuia mtetemeko huo kwa aibu au kwa kuambiwa "jikaze, mwanamume halii", na hofu hubaki ndani. Madai yake hayajathibitishwa yote, na utafiti juu ya njia yake bado ni mchache. Hata hivyo, jambo moja limekubalika kwa wataalamu wengi: tiba ya kiwewe haiwezi kuusahau mwili.

Mtaalamu wa namna hii haanzi kwa kusema, "Nieleze yote yaliyotokea." Huanza kwa kumfanya mgonjwa ajione salama. Humuuliza: "Hofu unaisikia wapi, kifuani au tumboni? Miguu yako unaisikia sakafuni?" Humfundisha kupumua taratibu. Kisha hugusa kumbukumbu ile kidogo kidogo, akiona mwili unakaza humrudisha kwanza kwenye utulivu. Halazimishi wala halaumu. Kazi hii haihitaji mgonjwa kushikwa mwili, na dada zetu wana haki ya kuomba mtaalamu wa kike au kuwa na ndugu karibu.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa wenye kiwewe tiba za mazungumzo zinazolenga tukio lenyewe. Tiba hizo si za matajiri peke yao. Watafiti walizijaribu Moshi na Bungoma, Kenya, kwa watoto 640 waliofiwa na wazazi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari bali watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Mwisho wa tiba, katika sehemu tatu kati ya nne, watoto waliotibiwa walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao. Mafunzo ya kutuliza mwili yalikuwamo ndani ya tiba hiyo.

Mfano wa Bibi Khadija

Muislamu hana sababu ya kuona jambo hili ni geni. Mtume (s.a.w.) aliporudi kutoka pango la Hira akitetemeka, aliomba afunikwe. Bibi Khadija (r.a.) na waliokuwapo nyumbani walimfunika mpaka hofu ikamtoka. Hakuhojiwa huku akitetemeka. Baadaye Khadija alimliwaza kwa kumkumbusha wema wake, kisha akampeleka kwa Waraka, mtu mwenye elimu. Tazama mpangilio: kwanza mwili ulitulizwa, pili yakaja maneno ya huruma, tatu akatafutwa mjuzi. Naye Nabii Yakub (a.s.), kama ilivyo katika Suratu Yusuf aya ya 84, macho yake yalipofuka kwa huzuni. Hatuwezi kusema alikuwa na imani haba.

Wapo watakaosema huyu ana jini tu. Dua na kisomo ni haki ya mgonjwa na hatukatazi. Lakini Mtume (s.a.w.) alimfundisha mtu mmoja amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Kumsomea mgonjwa hakuzuii kumpeleka hospitali. Kumfunga kamba, kumpiga au kumfukiza moshi hadi akose pumzi ni kumwongezea jeraha.

Ya kufanya nyumbani

1. Pumua ndani kwa kuhesabu hadi nne, toa pumzi taratibu kwa kuhesabu hadi sita. Rudia kwa dakika tano. Ukisikia kizunguzungu, acha.
2. Hofu ikipanda, bana miguu sakafuni, angalia pande zote na utaje vitu vitano unavyoviona, ili mwili ujue uko wapi.
3. Tia udhu. Maji ya baridi usoni hutuliza. Swala ni ibada, si mazoezi, lakini anayerukuu na kusujudu kwa utulivu bila haraka huona faida yake hata mwilini.
4. Tembea kila siku, kula kwa wakati, lala kwa saa zilezile.
5. Msikilize mwenzio anapotaka kusema. Asipotaka, kaa naye kimya.
6. Usinunue dawa za usingizi kiholela kama Valium. Shirika la Afya Duniani halishauri dawa za kundi hilo apewe mtu kwa sababu tu amepatwa na tukio la kutisha. Pombe na mirungi navyo havitibu.

Wiki za mwanzo baada ya tukio, dalili hizi ni za kawaida na wengi hupona kwa kupata watu wa kuwaliwaza. Zikizidi mwezi mmoja, au zikimzuia mtu kufanya kazi, kusoma au kulea, aende kituo cha afya. Walioko Wasso waanzie hospitali ya hapo hapo, walioko Karatu waanzie hospitali ya kwao. Wamweleze daktari wazi kuhusu tukio, si kichwa na tumbo pekee, na waulize kuhusu rufaa ya kwenda Mount Meru Arusha au KCMC Moshi. Anayesema anataka kujiua asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Familia nyingi zimemzika maiti wao zikamsahau aliye hai anayekesha macho usiku. Usiku wa leo, mtazame wa kwako.