Mpigo Mmoja, Nyuzi 269 Chini ya Sifuri

Mwezi wa Julai, mchana wa Al-Malqa, kaskazini mwa Riyadh, joto hupita nyuzi 40 bila kuomba radhi. Katika hospitali za jiji hilohilo kuna mashine za MRI zenye sumaku iliyopoozwa kwa heli ya kimiminika hadi nyuzi 269 chini ya sifuri. Koili zake ni superkondakta: umeme ukishaingizwa huzunguka miaka nenda miaka rudi, haupungui. Je, ukipita mpigo mkali wa sumakuumeme, vifaa vya baridi kama hii vinapona?

Mpigo huo ulijionyesha tarehe 9 Julai 1962, Marekani ilipolipua bomu la nyuklia la megatoni 1.4 kilomita 400 juu ya Pasifiki. Huko Hawaii, kama kilomita 1,400 kutoka hapo, baadhi ya taa za barabarani zilizimika. Mwaka huohuo Brian Josephson, mwanafunzi wa Cambridge mwenye miaka 22, alikokotoa kuwa umeme unaweza kuvuka kizuizi chembamba kilicho katikati ya superkondakta mbili. Mwaka 1973 alipata Nobeli.

Kiungo hicho cha superkondakta mbili na kizuizi leo ndicho moyo wa vipima-sumaku vya ubongo na wa kompyuta nyingi za kwanta. Katika vipima-sumaku, mara nyingi ni tabaka mbili za niobi, na katikati yake oksidi ya alumini isiyozidi nanomita chache. Hufanya kazi kwa milivolti, ilhali mpigo wa bomu la angani waweza kufika volti 50,000 kwa kila mita. Utadhani ni sisimizi mbele ya treni.

Sivyo. Kwa kawaida kifaa kimefungwa ndani ya makopo ya chuma, moja ndani ya jingine, na mawimbi hayapenyi kirahisi. Yanaingia kwa nyaya. Mkondo ukizidi kiwango, niobi inaacha kuwa superkondakta, inapata moto kidogo. Ikiwa haikuungua, inapoa na kurudi kazini. Hapo ndipo hila ilipo: inapopoa, vijisehemu vya uga wa sumaku hunaswa ndani yake. Sakiti inaonekana nzima, kumbe inahesabu upuuzi. Dawa ni kuipasha joto juu ya kelvini 9.2, kisha kuipooza upya taratibu.

Anayekufa kweli ni jirani yake: vikuza-mawimbi vya transista vilivyo nje ya baridi, na mtambo wa kupooza unaotegemea gridi. Gridi nayo huanguka: Machi 1989 dhoruba ya jua iliwaacha watu milioni 6 wa Quebec gizani kwa saa tisa. Umeme ukikatika muda mrefu hivyo au zaidi, heli huchemka na kutoka kwa bomba la nje, nayo ni ghali kweli.

Kwetu Afrika bomu wala halihitajiki. Kabare, mashariki mwa Kongo, huwa na mimweko ya radi zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Duniani inazidiwa na ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Kila radi hutoa mpigo wa sumakuumeme.

Wahandisi, kwa upande wao, wameugeuza udhaifu wa superkondakta, wa kupoteza hali yake mkondo ukizidi, kuwa ngao. Kati ya antena na kipokezi nyeti huweza kuwekwa utando mwembamba wa superkondakta ya kauri, ile iliyogunduliwa 1987 na inayotosheka na naitrojeni ya kimiminika. Mawimbi ya kawaida yanapita. Ukija mpigo mkubwa, utando unapoteza hali yake, unaurudisha ulikotoka, kisha unapoa wenyewe, tofauti na fyuzi ambayo lazima fundi aje kuibadilisha.