JUU YA NINI TUNAULIZA HABARI YA JAMAA YOTE

Mama, siku ya kupima watoto tunakuuliza mambo mengi. Umezaa wangapi? Wangapi wamekufa, na ugonjwa gani? Kwa upande wa baba yao, kuko watoto wanaokosa damu kila mara? Mama wengine wanakasirika, wanawaza tunatafuta kosa lao. Hapana. Tunatafuta njia ambayo ugonjwa ulipitia.

Tuseme habari ya SS. Mtoto anazaliwa vizuri. Kisha miezi fulani mikono na miguu inavimba, analia sababu ya mifupa, macho yanakuwa manjano, damu inapunguka. Chembe nyekundu za damu yake zinajikunja sawa mundu wa kukata majani, zinaziba mishipa midogo na kuvunjika upesi. Na watu wa nyumba wanaanza kusema: “Huyu mama analoga batoto yake.”

Wanganga hawakusikiliza maneno hayo, walipima damu ya wazazi. Mwaka wa 1949, kule Marekani, munganga James Neel aliona kwamba baba na mama wa mtoto mgonjwa, wote wawili, wanabeba alama ya ugonjwa, hata kama wao hawaugui. Mwaka ule ule munganga Beet, aliyefanya kazi katika inchi inayoitwa leo Zambia, aliona vile vile.

Ni hivi: mtoto anapokea alama moja kwa baba na moja kwa mama. A ni nzuri, S ni ya ugonjwa. Mwenye AS analima, anazaa, hajui kitu. Lakini baba AS na mama AS wakizaa, mtoto anaweza kuwa AA, ao AS, ao SS. Kupata SS ni mara moja kwa ine, kwa kila mimba. Sikia vizuri, mama: kwa kila mimba. Usiseme, “Mugonjwa nimekwisha kumupata, watatu wanaofuata watakuwa wazima.” Mimba haikumbuki ile iliyotangulia. Wengine wanazaa sita bila SS hata mmoja, wengine wanazaa wawili na wote wawili ni SS.

Tena, tukihesabu jamaa zinazokuja lopitali tu, tunajidanganya. Wazazi AS ambao hawakupata mtoto mgonjwa hawafiki kwetu, na hesabu inapita kweli. Ndiyo maana tunauliza habari ya watoto wazima pia.

Na juu ya nini S ni nyingi kwetu? Mwaka wa 1954 munganga Anthony Allison alionyesha kwamba katika Afrika ya Mashariki watu wa AS ni wengi pale malaria inapokuwa nyingi. Malaria haimuui mtoto AS upesi, basi anakomaa, anazaa, na S inaendelea. Katika Afrika ya katikati, kwa watu 100, wenye AS wanapita 10, na mahali pengine wanakaribia 40. Lakini mtoto SS hana ulinzi huo, malaria inaweza kumuua. Akipata homa umlete siku ile ile, usingoje kesho.

Mama peke yake hawezi kuzaa mtoto SS. Kwa hiyo baba naye apimwe, ni damu kidogo tu. Na kama ndugu ya baba alifiwa na mtoto wa namna hiyo, hata zamani, utuambie.