Ramani ya maporomoko: tuipime namna gani?

Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko kule Nyamukubi, maji na mawe vilishuka toka milimani. Pamoja na Bushushu, katika teritware ya Kalehe, watu zaidi ya 400 walikufa. Hapa Bukavu, pale Funu, udongo unatembea polepole miaka na miaka, nyumba zikiwa juu yake.

Watafiti wanatumia kompyuta kuchora sehemu za hatari: wanachanganya mutelemko, aina ya udongo, miti iliyokatwa na maporomoko ya zamani. Je, inafaa? Kipimo kimoja ni rahisi: wafiche sehemu ya maporomoko wanayoyajua, halafu waone kama ramani itayaonyesha yenyewe. Lakini ikipaka nyekundu karibu muji wote, itayapata yote bila kumusaidia mutu.

Shida kubwa iko pengine. Ramani ile inasema wapi, haisemi lini. Kwa kujua lini, lazima vipimo vya mvua, na huku kwetu ni vichache. Sateliti inakadiria tu. Njo maana mradi ukifika mutaani kwenu, muulize: mvua munaipima wapi? Na ramani ikiisha, shefu wa avenyu atapewa, ama itabaki ku ofisi?