Maandazi, mandasi au mahamri: Kosa ni lipi na lafudhi ni ipi?

KATIKA vibanda vya chai vya mtaa wa Free Area, mashariki mwa jiji la Nakuru kwenye barabara kuu ya kuelekea Nairobi, neno moja hutamkwa kwa njia nne kabla ya saa mbili asubuhi. Huyu ataagiza mandazi, yule mandasi, wa tatu mandathi, naye aliyekulia Mombasa atauliza kama kuna mahamri. Mwanafunzi akifika shuleni huambiwa kwamba wote hao wamekosea, neno sahihi ni maandazi.

Je, ni kweli kwamba wote wamekosea? Msomaji mpendwa, hapa kuna mambo matatu ambayo sisi walimu na wazazi huyachanganya: umbo la neno, lafudhi ya msemaji, na aina ya chakula chenyewe. Tukiyachanganya, anayeumia ni mtoto. Atachekwa kwa jambo ambalo si kosa, na papo hapo aachwe bila kusahihishwa kwa jambo litakalompotezea alama katika mtihani.

Asili ya neno

Tuanze na umbo. Kamusi zetu, ikiwemo Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981, zinaorodhesha nomino andazi, wingi wake maandazi. Neno hili lina uhusiano na kitenzi andaa. Ukitaka kuona uhusiano huo, liweke kando ya kitenzi kingine chenye umbo kama hilo: zaa hutupa mzazi na uzazi, kaa hutupa mkazi na makazi, andaa hutupa andazi, na pia mwandazi, yaani mpishi. Sauti /l/ ambayo zamani ilikuwa katika mizizi ya vitenzi hivi, na ambayo bado tunaisikia katika zalia, kalia na andalia, hugeuka kuwa /z/ inapofuatwa na /i/ ya unominishaji.

Kwa hiyo andazi ni kitu kilichoandaliwa, na ile /z/ haikuja kwa bahati. Ni sehemu ya sarufi ya Kiswahili kama ilivyo katika mzazi.

Ngeli yake ni LI-YA: andazi limeiva, maandazi yameiva. Kiambishi cha wingi ni ma-, na shina linaanza kwa a-, ndiyo maana tunaandika aa. Ndugu zake wamo katika ngeli hiyo hiyo: maandalizi, maandishi, maandamano. Hakuna anayeandika "mandalizi ya harusi" wala "mandamano ya wafanyakazi".

Jinsi "ndazi" lilivyozaliwa

Katika mazungumzo ya haraka, irabu mbili zinazofanana huungana kuwa moja. Jambo hili si geni katika Kiswahili. Wingi wa mwana ni wa- na -ana, lakini tunasema na kuandika wana. Vilevile wa- na -alimu hutupa walimu. Msemaji wa Nakuru anayesema mandazi anafuata njia ile ile. Tofauti ni kwamba katika ngeli ya LI-YA maandishi sanifu hayakuukubali muungano huo.

Baada ya irabu kufupishwa, likatokea jambo la pili. Sikio lilisikia ma- mwanzoni, likakiona kuwa ndicho kiambishi kizima, na kilichobaki kikachukuliwa kuwa shina: ndazi. Ndipo leo utasikia, "Nipee ndazi moja." Wataalamu wa mofolojia huita hali hii uchanganuzi upya: wasemaji hulikata neno mahali ambapo hapakuwa na mpaka. Wakenya si wa pekee katika hili. Nchini Rwanda, Kinyarwanda kimelichukua neno letu na kusema amandazi katika wingi, na umoja wake ni irindazi. Nao wamekata pale pale.

Kisha kuna upatanisho wa kisarufi. Sikiliza mazungumzo haya ya kibandani:

"Mathe, nipee chai na mandazi mbili."

"Mandazi zimeisha, kuna chapo."

Katika Kiswahili cha bara nchini Kenya, nomino nyingi huvutwa hadi ngeli ya I-ZI. Mandazi mbili, zimeisha, za moto. Mswahili wa Mombasa angesema, "Mama, nipe mahamri mawili," na akijibiwa ataambiwa, "Yamekwisha." Hapa ndipo mwanafunzi wetu hupoteza alama hasa. Akiandika "mandazi mbili zimeisha" katika insha, ana makosa mawili, moja la tahajia na moja la upatanisho. Hayo yasahihishwe bila kuona haya, kwa sababu lugha ya mtihani ni sanifu. Lakini mama wa kibandani hafanyi mtihani. Katika KCSE, sehemu ya isimujamii ya Karatasi ya Pili ndipo mahali pa kumwuliza mwanafunzi kwa nini sajili ya kibandani iko hivyo.

Lafudhi: z, s na dh

Sasa tuje kwa mandasi na mandathi. Hapa umbo la neno halijabadilika kichwani mwa msemaji. Kilichobadilika ni sauti moja. Sauti /z/ ni kikwamizo cha ufizi kilicho ghuna, maana yake nyuzi za sauti hutetema inapotamkwa. Mwenzake /s/ hutamkwa mahali hapo hapo, ila nyuzi hazitetemi. Tofauti kati yao ni mtetemo huo tu.

Lugha za Wakalenjin hazina /z/. Zina /s/. Aidha hazitofautishi maana kwa mighuno ya vipasuo, ndiyo maana mzee wa Kikalenjin anaweza kusema "pei" badala ya bei. Lakini kipasuo hutamkwa kwa mghuno kinapofuata nazali, na kwa hiyo /nd/ ya mandazi haimsumbui hata kidogo. Anachokosa ni /z/ peke yake, naye huchukua jirani yake wa karibu kabisa: mandasi. Dholuo nayo haina /z/, na Mjaluo huishia pale pale kwenye /s/.

Gikuyu hufuata njia nyingine. Maneno ya Kiswahili yenye /s/ au /z/ yanapoingia katika Gikuyu, mara nyingi hupewa sauti inayoandikwa th, nayo hutamkwa kama dh ya dhahabu. Sabuni huwa thabuni, soko huwa thoko, sigara huwa thigara. Mandathi ni mwendelezo wa kanuni hiyo. Kabla hatujacheka, tukumbuke kwamba wasemaji wengi wa Tanzania bara hufanya kinyume chake: dhahabu huwa "zahabu" na dharau huwa "zarau". Sauti hizi mbili ni jirani mno kinywani, na kila jamii huvuka mpaka kwa upande wake.

Kwa hivyo mandasi si uvivu wala ukosefu wa elimu. Ni kanuni ya lugha ya kwanza inayofanya kazi yake ndani ya lugha ya pili, na unaweza hata kuitabiri kabla msemaji hajafungua mdomo.

Je, maana huharibika? Kipimo ni hiki: tafuta kama kuna neno jingine linaloweza kuchanganywa na hilo. Zana na sana ni maneno mawili. Zaa na saa ni mawili. Zima na sima ni mawili. Hapo /z/ ikikosekana, msikilizaji anaweza kupotea. Lakini Kiswahili hakina kitu kingine kiitwacho "mandasi". Anayesema hivyo hupata alichoagiza.

Kwa nini basi tunalisisitiza jambo hili? Kwa sababu lafudhi hutambulisha mtu kabla hajataja jina. Katika Biblia, kitabu cha Waamuzi sura ya 12, watu wa Gileadi waliwatambua Waefraimu kwenye vivuko vya Yordani kwa kuwaambia watamke Shibolethi. Aliyesema Sibolethi aliuawa. Sauti moja tu ya /sh/ iliamua uhai. Nasi hapa Nakuru hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilifika Nakuru na Naivasha mwishoni mwa Januari 2008, na Tume ya Waki iliziandika katika ripoti yake. Kicheko cha darasani si ghasia. Hata hivyo, mtoto anayejifunza kwamba s ya jirani yake ni ya kuchekwa anajifunza kumpanga jirani huyo kwa kabila, na darasa la Kiswahili, lugha iliyokusudiwa kutuunganisha, lisiwe mahali pa kufunzwa hivyo.

Mahamri si maandazi yaliyotamkwa vingine

Tofauti ya tatu si ya kinywa bali ya jikoni. Wapo wanaodhani mahamri ni jina la Kimombasa la maandazi. La. Hamri linatokana na mzizi wa Kiarabu kh-m-r, wenye maana ya kuchachuka, na ndio uliotupa pia hamira. Katika nchi za Ghuba upo mkate uitwao khamir, wenye asili ya jina hiyo hiyo. Jina lenyewe basi linataja jinsi kinavyopikwa: unga uliotiwa hamira ukaachwa uumuke.

Hamri la Pwani hukandwa kwa tui la nazi na kutiwa iliki. Likiingia katika mafuta ya moto hufura na kubaki na uwazi ndani, na uwazi huo una kazi. Asubuhi huliwa kwa mbaazi zilizopikwa kwa nazi, na hamri hupasuliwa ili kuchotea mchuzi wake mzito. Chai inaweza kuwa ya maziwa au ya mkandaa, yaani ile isiyo na maziwa ambayo vijana wa bara huiita sturungi.

Nakuru haina minazi. Ina ngano na ng'ombe. Njoro, kilomita chache kutoka mjini, ndipo Lord Delamere alipojaribu kilimo cha ngano mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo utafiti wa mbegu za ngano hufanyika huko. Kwa hivyo andazi la Free Area ni la unga, sukari, maji au maziwa, na mara nyingi kiumulio cha haraka badala ya hamira ya kusubiriwa. Hukatwa pembetatu au mraba, ndani huwa limejaa, na huliwa kwa kutumbukizwa katika chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na majani. Halihitaji mbaazi, na watu wengi wa hapa wangeshangaa kuletewa mbaazi pamoja na chai.

Kwa hiyo mgeni kutoka Mombasa akiomba mahamri Free Area na kupewa maandazi, hajapewa kitu kile kile kwa jina jingine. Na mwenyeji anayeyaita "mahamuri" ameongeza /u/ kwa sababu mfuatano wa /m/ na /r/ si wa kawaida katika lugha nyingi za Kibantu. Hilo nalo ni lafudhi.

Wala tusiyachanganye haya na kaimati, zile tufe ndogo za sukari zinazopendwa wakati wa futari, wala na half-keki ambayo mtaani imepewa majina ya ngumu na KDF. Kila kimoja kina unga wake na jina lake.

Kwa mwalimu

Katika maandishi, dai maandazi na upatanisho wa LI-YA. Katika matamshi, fundisha /z/ kwa upole: mwambie mwanafunzi aweke vidole viwili kooni, atamke sss, kisha zzz, asikie mtetemo. Halafu ampe mwenzake jozi za zana na sana, zaa na saa. Asipofaulu leo, usimkate alama wala usimwigize mbele ya wenzake. Na akiandika mahamri katika insha yake, mwulize kwanza kama yalikuwa na nazi.

Zoezi la wiki: Andika katika wingi, "Andazi lililoungua limetupwa." Jibu ni "Maandazi yaliyoungua yametupwa." Kisha mwambie mwanafunzi aiseme sentensi hiyo kama ingesikika kibandani, na aeleze kila badiliko alilofanya.